Mkanda wa Kijivu: Safari ya Kamba ya Saa Kutoka Stoo ya Jeshi Hadi Madirisha ya Maduka

Ukisimama mbele ya duka la saa, iwe London, Dubai au Nairobi, ni vigumu kuukosa: mkanda mwembamba wa nailoni, mrefu kuliko mkono unavyohitaji, wenye pete za chuma, mara nyingi umepigwa mistari ya rangi. Wauzaji huuita NATO. Umefungwa kwenye saa za bei ya chini na kwenye saa zinazogharimu zaidi ya gari, na wengi wanaouvaa hawajawahi kukanyaga kambi ya jeshi.

Mkanda huu haukuzaliwa kwenye meza ya mbunifu wa mitindo. Kila sehemu yake, kuanzia urefu hadi ile ncha inayokunjwa na kurudishwa ndani ya pete, ilitokana na tatizo fulani lililomsumbua mtu aliyekuwa kazini. Ndiyo maana historia yake inabidi ianzie mbali, kabla ya nailoni yenyewe, katika zama ambazo mwanamume wa Ulaya aliona aibu kuvaa saa mkononi.

Kabla ya 1914: saa ya mfukoni yapanda mkononi

Katika karne ya 19 saa ya mwanamume ilikaa mfukoni mwa kizibao na kushikiliwa kwa mkufu. Saa ya mkononi ilikuwa pambo la kike, bangili yenye saa ndani yake. Mojawapo ya zile za mwanzo ilitengenezwa na kampuni ya Patek Philippe ya Geneva mwaka 1868 kwa ajili ya Koscowicz, mwanamke wa tabaka la makabaila huko Hungaria. Mwanamume aliyeonekana na kitu kama hicho angechekwa.

Aliyeanza kuvunja mwiko huo ni mwanajeshi. Katika vita vya Uingereza na Makaburu huko Afrika Kusini, kati ya 1899 na 1902, maofisa wa Kiingereza walianza kuzitia saa zao za mfukoni ndani ya vikombe vya ngozi vilivyoshonewa mkanda na kuzifunga mkononi. Sababu yao haikuhitaji maelezo marefu. Mtu aliye juu ya farasi, mkono mmoja umeshika hatamu na mwingine bunduki, hana mkono wa tatu wa kuingiza mfukoni. Na vikosi vilivyotawanyika maili nyingi haviwezi kushambulia kwa pamoja bila kuangalia saa.

Tatizo hilohilo la mikono lilimpata Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyekuwa akirusha vyombo vyake vya angani jijini Paris. Mwaka 1904 rafiki yake Louis Cartier alimtengenezea saa ya mkononi yenye mkanda wa ngozi, na saa ya aina hiyo ikaanza kuuzwa kwa umma mwaka 1911. Huko London, Hans Wilsdorf, ambaye baadaye angelisimamisha jina la Rolex, alifungua biashara yake mwaka 1905 na mapema kabisa akaweka matumaini yake kwenye saa za mkononi. Hata hivyo wateja walikuwa wachache. Ilihitajika vita kubwa zaidi kubadilisha desturi ya mamilioni.

1914–1918: ngozi ndani ya mahandaki

Vita Kuu ya Kwanza ilipigwa kwa ratiba. Mizinga ilifyatua ikisogeza mbele pazia la moto hatua kwa hatua, na askari wa miguu walitakiwa wafuate nyuma ya pazia hilo kwa dakika zilizopangwa. Aliyewahi aliuawa na mizinga ya upande wake mwenyewe. Aliyechelewa alikuta adui ameshainua kichwa na kushika bunduki ya rashasha. Kabla ya shambulio maofisa walilinganisha saa zao, kisha wakasubiri filimbi. Katika hali hiyo kupekua mfuko chini ya koti lililolowa kulikuwa kuhatarisha roho. Kitabu kimoja cha mwongozo kwa maofisa wanaokwenda mstari wa mbele, kilichotolewa wakati wa vita hivyo na Kapteni B. C. Lake, kiliorodhesha vifaa vya kuchukua, na cha kwanza kabisa kilikuwa saa ya mkononi yenye kioo kisichovunjika na tarakimu zinazong'aa gizani.

Saa za mahandaki zilikuwa na umbo la saa za mfukoni zilizopunguzwa ukubwa. Mafundi waliziunganishia vitanzi viwili vya waya, kimoja juu na kimoja chini, na mkanda wa ngozi ukapitishwa humo. Vitanzi hivyo havikufunguka. Hapo ndipo mkanda wa kupenyeza ulipoanzia, yaani mkanda usiofungwa kwenye saa bali unaopita chini yake au kuizunguka.

Vita vilipoisha, wanaume walirudi nyumbani na saa zao mkononi, na hakuna aliyethubutu kuwaambia kwamba wamevaa bangili ya kike. Mnamo miaka ya 1930 saa ya mfukoni ilikuwa imebaki kuwa ya wazee.

Lakini ngozi ilikuwa imeshaonyesha udhaifu wake. Hunywa jasho, huvimba, hunuka, hukauka na kupasuka, na uzi wa mshono huoza kabla ya ngozi yenyewe. Ikiwa hivyo kwenye baridi ya Flanders, katika nchi za joto ilikuwa mbaya zaidi. Vita vya pili vilipofika misitu ya Asia, hali ya hewa ikawa adui wa vifaa vyote. Askari wa King's African Rifles waliotoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, wakiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walisonga mbele katika Bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944 katikati ya mvua za msimu, kwenye tope lililomeza magari. Chochote cha ngozi kilichobebwa katika mazingira kama yale kilikuwa na maisha mafupi. Majeshi yalianza kutumia mikanda ya pamba iliyosokotwa nene, ambayo ilivumilia kuliko ngozi, ingawa nayo ilishika maji na kuchelewa kukauka.

1935–1945: uzi uliotoka maabara

Jibu lilikuwa tayari lipo, ila kwa wakati huo lilikuwa linavaliwa miguuni. Tarehe 28 Februari 1935, katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Wilmington, jimbo la Delaware nchini Marekani, kundi la watafiti chini ya Wallace Carothers lilipata uzi wa kwanza wa nailoni. Ulitangazwa kwa umma mwaka 1938, na bidhaa yake ya kwanza sokoni ikawa nywele za mswaki. Mwezi Mei 1940 soksi ndefu za nailoni za wanawake ziliingia madukani kote Marekani na zikagombaniwa.

Raha hiyo haikudumu. Marekani ilipoingia vitani, hariri ya Japani iliyokuwa ikitumika kutengenezea miavuli ya parachuti ilikatika, na nailoni yote ikaelekezwa jeshini. Soksi zikatoweka, badala yake zikaja parachuti, kamba za kuvutia ndege na nyuzi za matairi. Majeshi yakajifunza mambo manne kuhusu uzi huu: haukatiki ovyo, hauozi, hukauka upesi, na ukiuchoma moto ncha zake huyeyuka na kujifunga zenyewe bila kufumuka. Hilo la nne litakuwa na uzito mkubwa mbele ya safari.

Ni jambo la kuvutia kwamba nailoni ilianza katika mitindo, ikachukuliwa na vita, kisha ikarudi katika mitindo kwa mlango ambao hakuna aliyeutarajia.

1945–1972: saa isiyofunguka

Saa nyingi za raia hushikiliwa kwenye mkanda kwa pini mbili zenye springi ndani. Fundi huibana pini kwa ncha ya kifaa chake, inajikunja, mkanda unatoka. Ni urahisi mkubwa, na ndani yake kuna hatari: pini ikipigwa vibaya au springi ikichoka, hutoka yenyewe na saa huanguka. Kwa karani hiyo ni hasara ya fedha. Kwa mpiga mbizi aliye chini ya maji, akihesabu dakika za hewa iliyobaki kwenye mtungi, ni jambo la kufa na kupona.

Jeshi la Uingereza lilipoagiza saa mpya za askari wa nchi kavu, zile zilizofika mwaka 1945 kutoka kwa watengenezaji kumi na wawili wa Uswisi na ambazo wakusanyaji wa leo huzigombea, lilitaka pini zisizotoka kabisa. Badala ya springi kukawa na vyuma vilivyokazwa moja kwa moja kati ya masikio ya saa. Utaratibu huo uliendelea katika saa za kijeshi zilizofuata. Hata saa za kupigia mbizi zilizonunuliwa kwa ajili ya Jeshi la Majini, Omega Seamaster 300 mwishoni mwa miaka ya 1960 na Rolex Submariner ya kijeshi katika miaka ya 1970, zilikuja na pini zilizokazwa.

Uamuzi huo mdogo wa kiufundi ndio uliouzaa mkanda wetu. Pini isipotoka, mkanda wa kawaida wa vipande viwili hauingii mpaka uukate na kuushona upya papo hapo. Kinachobaki ni mkanda mmoja mrefu unaopenya juu ya pini ya kwanza, unapita mgongoni mwa saa, na kutokea juu ya pini ya pili. Askari anaweza kuubadilisha mwenyewe kwa nusu dakika, gizani, bila kifaa wala fundi.

Waingereza hawakuwa peke yao katika fikra hiyo. Wamarekani waliwapa askari wao wa Vietnam saa rahisi zenye mkanda wa nailoni wa kipande kimoja, wa kijani cha zeituni. Wapiga mbizi wa jeshi la majini la Ufaransa walijitengenezea mikanda kwa utepe wa mpira uliotolewa kwenye parachuti, ukinyooka na kubana kadiri mkono unavyovimba au kusinyaa. Na wanaanga wa NASA walifunga Omega Speedmaster zao kwa mikanda mirefu ya velkro iliyoweza kuzunguka nje ya mkono wa vazi la anga. Kila kundi lilikuwa na sababu yake, na kila sababu iliacha alama kwenye umbo la mkanda.

Katikati ya kipindi hiki ilipigwa filamu iliyokuja kuvuruga historia yote. Mwanzoni mwa *Goldfinger*, ya mwaka 1964, Sean Connery akiwa James Bond anatoka majini usiku, anavua vazi la kuogelea, na ndani yake amevaa koti jeupe la sherehe. Anawasha kiberiti na kutazama saa: Rolex Submariner kwenye mkanda wa kitambaa chenye mistari. Mkanda wenyewe ni mwembamba mno kwa saa ile, kiasi kwamba vipande vya pini vinaonekana kila upande. Mvalishaji wa filamu yaelekea hakujali. Tukio lile la sekunde chache litangoja miongo kadhaa kabla ya kuvuna matunda yake.

30 Novemba 1973: waraka namba 66-15

Tarehe hiyo Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilitoa kiwango cha ulinzi namba 66-15, chenye kueleza mkanda wa saa ya mkononi. Ni waraka wa watu wa ununuzi na ugavi. Hauna neno hata moja kuhusu uzuri. Mkanda uwe wa nailoni, upana wa milimita 20, urefu wa milimita 280, na rangi yake iwe kijivu cha Jeshi la Majini. Bizimu na pete ziwe za shaba ya njano iliyopakwa kromu. Viungo visishonwe kwa uzi bali viyeyushwe na kushikamana kwa joto, na matundu nayo yazibwe kingo kwa joto ili yasifumuke. Hapo ndipo ile tabia ya nailoni iliyojulikana tangu siku za parachuti ilipopata kazi: mahali ambapo hapana mshono, hapana mshono wa kuoza.

Ushike mkononi mkanda wa namna hiyo uutazame vizuri. Kwenye ncha moja kuna bizimu. Chini yake, mahali palepale pa kiungo, kimeunganishwa kipande cha pili kifupi cha nailoni, ambacho mwisho wake kina pete ya chuma. Unapoiingiza saa, ncha ndefu ya mkanda hupita kwenye pini zote mbili, kisha hupenya kwenye ile pete ya kipande kifupi, na kuivuta saa mpaka ikae katikati ya vipande viwili. Sasa saa haina pa kwenda. Haiwezi kuteleza kuelekea ncha ya mkanda, na ukifungua bizimu ili uuvue haidondoki upande wa pili. Ikiwa saa ina pini za springi na moja ikang'oka, saa hubaki ikining'inia kwenye ile nyingine. Nimeona mikanda mingi ya bei kubwa yenye ngozi laini na mishono ya mkono, lakini sijaona uliofikiriwa kwa makini kama huu.

Urefu wa milimita 280 nao una maana yake. Mkanda ule ulikusudiwa uweze kufungwa juu ya vazi, si kwenye ngozi ya mkono peke yake. Ukivaliwa kwenye mkono mtupu unabaki na ziada ndefu, na ili isitikisike askari waliikunja na kuirudisha ndani ya pete. Mkunjo huo, uliotokana na kukosa pa kuweka ziada, leo vijana hujifunza kuufanya kwa uangalifu kana kwamba ni fundo la tai.

Jina la mkanda kambini lilikuwa G10, kwa sababu askari aliyeutaka alijaza fomu namba G1098 na kuipeleka stoo. Jina la NATO lilitokana na namba ya hesabu. Nchi za jumuiya ile ya kujihami hutumia mfumo mmoja wa kuorodhesha vifaa, ambapo kila kitu, kuanzia kijiko hadi kifaru, hupewa namba ya tarakimu kumi na tatu. Kundi la 6645 ni la vifaa vya kupimia muda, na 99 ni alama ya Uingereza. Wanunuzi wa kiraia waliona namba hizo kwenye vifungashio na wakaliokota jina. Si kwamba jumuiya hiyo iliuchagua mkanda huo uwe wa wote.

Muda si mrefu upana ulibadilika. Kampuni ya CWC, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Ray Mellor, ilianza kuliuzia jeshi saa ambazo nafasi kati ya masikio yake ilikuwa milimita 18, na mkanda nao ukafuata. Kampuni ya Phoenix ya Wales ndiyo iliyoutengeneza kwa miaka mingi. Saa ya betri ya CWC ilipoanza kugawiwa mwaka 1980, muungano wa saa ile yenye uso mweusi na mkanda ule wa kijivu ukawa sura ya askari wa Uingereza, na ndivyo walivyovaa walipokwenda Visiwa vya Falkland mwaka 1982.

Kutoka rangi moja kwenda mistari

Mkanda wa serikali ulikuwa wa kijivu, basi. Mistari iliingia kwa njia nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoufungulia mlango wa uraiani.

Vikosi vya Uingereza vina rangi zake za tangu zamani, zinazoonekana kwenye tai, mishipi na beji. Vile vya Walinzi wa Mfalme, kwa mfano, hujulikana kwa buluu na nyekundu iliyokoza. Si ajabu kwamba askari waliokuwa wakilazimika kufanana kwa kila kitu walipenda kuwa na mkanda wenye rangi za kikosi chao. Ndani ya sare, palikuwa mahali pa kusema mtu ametoka wapi.

Nchini Marekani desturi kama hiyo ilikuwa na wateja waliokuwa tayari kuipokea. Wanafunzi wa shule za bweni za kitajiri na vyuo vya mashariki walikuwa wanavaa mikanda ya utepe wenye mistari kwenye saa zao, sambamba na tai zenye mistari iliyoigwa kutoka kwa vikosi na vilabu vya Uingereza. Katika miaka ya 1970 na 1980 mtindo huo wa vijana wa tabaka la juu ulisambaa hadi kwa watu wa kawaida, na mkanda wa kitambaa ukawa alama ya kiangazi na ufukweni.

Upande wa pili wa soko kulikuwa na mitumba ya jeshi. Saa zilizostaafishwa ziliuzwa kwa makundi, na mikanda pamoja nazo. Wakusanyaji wa saa kuukuu walizinunua, wakauona mkanda, na wakagundua faida ambayo jeshi halikuikusudia: kwa bei ndogo mno, saa moja inaweza kubadilishwa sura kila asubuhi.

2000–2015: mafuriko

Mtandao wa intaneti ndio uliowakutanisha watu hawa. Wapenzi wa saa waliokuwa wametawanyika mabara yote walianza kuoneshana picha, na mkanda wenye rangi hupendeza kwenye picha kuliko chuma. Hapo ndipo Bond alipofufuka. Mashabiki waliokuwa wakiitazama *Goldfinger* kwenye runinga za zamani walishikilia kwamba mkanda wa Connery ulikuwa mweusi wenye mistari ya kijivu, na mikanda ya rangi hizo ikauzwa kwa maelfu ikiitwa mkanda wa Bond. Nakala safi za filamu zilipotoka, ikaonekana kuwa rangi ya mkanda ni buluu iliyokoza, yenye mistari ya kijani iliyozungushiwa nyekundu. Tena filamu ilitangulia waraka wa 66-15 kwa miaka tisa, kwa hiyo ule wa Connery haukuwa NATO kwa vyovyote. Hilo halikupunguza mauzo. Mwaka 2015, katika filamu ya *Spectre*, Daniel Craig alivalishwa Omega Seamaster 300 kwenye mkanda mweusi wenye mistari ya kijivu: kosa la kumbukumbu za watazamaji likarudi kwenye skrini kuwa kweli.

Kabla ya hapo viwanda vikubwa vilikuwa vimeshanusa upepo. Mwaka 2010 kampuni ya Tudor ilitoa saa iliyokuja na mkanda wa kitambaa pamoja na ule wa chuma, jambo ambalo watengenezaji wa saa za kifahari wa Uswisi hawakuwa na mazoea nalo. Kitambaa hicho hufumwa na Julien Faure, kampuni ya familia iliyoanzishwa mwaka 1864 katika eneo la Saint-Étienne nchini Ufaransa, kwenye mitambo ya jacquard ya karne ya 19 iliyokuwa ikifuma utepe wa mapambo. Ni mkanda mzuri sana, laini na mzito. Nikiulinganisha na ule wa kijivu naona namna nia inavyobadilisha kitu kilekile: huu umefumwa ili utazamwe, ule ulitengenezwa ili usahaulike mkononi.

Mwaka uliofuata, 2011, Filip Tysander wa Sweden alianzisha Daniel Wellington. Kwa maelezo yake, wazo lilimjia alipokutana safarini na Mwingereza mtanashati aliyevaa Rolex kuukuu kwenye mkanda wa nailoni uliochakaa, na akaipa kampuni jina la mtu huyo. Akachukua saa nyembamba ya betri, akaifunga kwenye mkanda wenye mistari, kisha akazituma saa kwa watu wenye wafuasi wengi kwenye Instagram wapige picha. Matangazo ya namna hiyo yalikuwa mapya wakati ule. Kwa vijana wengi wa muongo huo, hapo ndipo walipouona mkanda huu kwa mara ya kwanza, na hawakuwa na habari na asili yake ya kijeshi.

Mambo haya hayakuja kwa bahati tu. Saa ilikuwa imeshapoteza kazi yake ya lazima, kwa kuwa muda uko kwenye simu. Mtu anayevaa kitu asichokihitaji hutafuta sababu ya kukivaa, na mkanda wenye rangi humpa sababu bila kumfilisi. Pia kitu kilichowahi kufanya kazi ngumu kina mvuto ambao pambo tupu haliupati. Hilo tumeliona kwa jinzi za wachimba migodi, na kwa buti za jeshi.

Baada ya mafuriko

Manung'uniko yalifuata, na mengi yana haki. Mkanda unaopita mgongoni huinua saa juu, na saa ambayo tayari ni nene inakuwa kama kifuniko cha chupa juu ya mkono. Wenye saa zenye kioo mgongoni, waliolipa ili waone mitambo ikizunguka, hawaoni chochote isipokuwa nailoni. Mchanga ukinaswa kwenye nyuzi husugua chuma mpaka kikapoteza mng'aro. Askari hakuyajali haya, kwa kuwa saa yake haikuwa ya kutazamwa mgongo.

Malighafi nayo imeanza kubadilika. Mwaka 2018 Breitling ilitoa saa yenye mkanda wa Econyl, nailoni inayozalishwa upya kutokana na taka, zikiwamo nyavu za kuvulia zilizotupwa baharini. Ile sifa ya kutooza iliyowafurahisha wanajeshi ndiyo inayozifanya nyavu hizo ziendelee kunasa samaki na kasa miaka mingi baada ya mvuvi kuzitelekeza.

Kwetu Afrika Mashariki mkanda wa nailoni unaishi bega kwa bega na ndugu asiyetoka jeshini kabisa. Katika masoko ya Kimasai jijini Nairobi huuzwa mikanda ya saa ya ngozi iliyoshonewa shanga, mara nyingi kwa rangi za bendera ya Kenya: nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe. Mtalii hununua mmoja, na Mkenya aliye ng'ambo huvaa mmoja kwa sababu ileile iliyomfanya askari wa Uingereza atake rangi za kikosi chake. Kiufundi mkanda huo hauna uhusiano na waraka wa 66-15. Shanga haziwezi kukunjwa kupita chini ya saa, kwa hiyo mkanda huo unabaki kuwa wa vipande viwili na kutegemea pini zenye springi.

Mabadiliko makubwa kuliko yote, hata hivyo, yanatokea kimyakimya kwenye mikanda inayouzwa leo kwa jina la NATO. Ili kupunguza ule unene, watengenezaji wengi wamekiondoa kile kipande kifupi cha chini pamoja na pete yake, wakabakiza ukanda mmoja unaopenya. Saa inakaa chini zaidi, na mkono unapendeza. Pini moja iking'oka bado saa itashikwa na ile nyingine. Lakini ukifungua bizimu ukiwa umesimama kwenye gati au ukingo wa mashua, hakuna tena kinachoizuia kuteleza mpaka kwenye ncha na kutumbukia majini. Anayenunua mkanda kwa ajili ya ofisini hatapungukiwa na chochote. Anayekwenda nao baharini afadhali aulize dukani ule wenye vipande viwili, augeuze, na aihesabu pete ya chini kabla ya kutoa fedha.